Mioto miwili, maamuzi mawili: kwa nini kambi ya Philmont ilifunga njia zake zote mwaka 2018

Alasiri ya tarehe 31 Mei 2018, moto ulizuka karibu na kijiji cha Ute Park, kaskazini mwa jimbo la New Mexico, Marekani. Upepo uliusukuma kuelekea mashariki, ukafuata korongo la mto Cimarron, na kesho yake wakazi wa mji wa Cimarron waliamriwa wafungashe waondoke. Ulipokuja kudhibitiwa, karibu wiki tatu baadaye, ulikuwa umeteketeza ekari 36,740. Zaidi ya ekari 26,000 kati ya hizo zilikuwa ndani ya Philmont, kambi kubwa kuliko zote za maskauti wa Marekani, ambako katika kiangazi cha kawaida hupita watu zaidi ya 20,000.

Hakuna skauti aliyekuwa porini siku hiyo, kwa kuwa msimu wa safari ulikuwa bado kufunguliwa. Kambi kuu haikuungua. Vilivyopotea, ukiacha msitu wenyewe, ni majengo kadhaa matupu. Hata hivyo uongozi ulifuta safari za wiki za mwanzo, kisha ukasogeza tarehe hadi katikati ya Julai, na mwishowe ukafuta safari zote za porini za mwaka ule. Tangu kambi ianzishwe mwaka 1938, jambo hilo halikuwahi kutokea.

Sasa linganisha na mwaka 2002. Tarehe 2 Juni ya mwaka ule radi iliwasha moto ulioitwa Ponil Complex. Huo ulikuwa mkubwa zaidi: uliunguza zaidi ya ekari 90,000 kwa jumla, na ndani ya Philmont ulikula kama ekari 28,000, yaani moja ya tano ya ranchi nzima. Msimu haukufungwa. Vikundi vilivyopangiwa upande wa kaskazini vilihamishiwa kati na kusini, na kiangazi kikaenda.

Mioto miwili, tarehe zinazokaribiana kabisa, ekari karibu sawa ndani ya Philmont, huku ule wa 2018 ukiwa mdogo kidogo. Mmoja ulipangua ratiba na mwingine ukafuta msimu mzima. Wazazi na viongozi waliokuwa wamejiandaa miaka miwili kwa safari ya 2018 walikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini? Jibu langu ni kwamba ekari si kipimo sahihi cha hasara ya kambi ya aina hii. Anayetaka kujua moto umeharibu nini pale Philmont atazame njia za miguu, na atazame namna zilivyofungamana. Ili tuelewane, inabidi nianze mbali, kwenye ardhi yenyewe, maana njia hizo hazikuchorwa na maskauti peke yao.

Ardhi iliyopita mikono mingi

Kabla ya karatasi yoyote kuandikwa, hapa palikuwa pa makabila ya Wajicarilla Apache na Waute. Mwaka 1841 gavana wa Mexico, Manuel Armijo, aliwapa watu wawili, Carlos Beaubien na Guadalupe Miranda, eneo ambalo mipaka yake ilielezwa kwa mito na milima, si kwa kamba ya kupimia. Marekani ilipolichukua jimbo baada ya vita vya 1846 hadi 1848, hati ile iliendelea kuheshimiwa. Mkwe wa Beaubien, Lucien Maxwell, alilima na kufuga Rayado, kusini mwa ranchi ya leo, akiwa jirani na Kit Carson, yule mwelekezi mashuhuri wa misafara. Pole pole Maxwell akanunua sehemu za wenzake hadi akawa mmiliki mkuu. Mwaka 1866 dhahabu ikapatikana kwenye mlima Baldy. Wachimbaji wakamiminika, na miaka minne baadaye Maxwell akaiuza ardhi kwa wawekezaji kutoka Ulaya.

Hapo ndipo vurugu zilipoanza. Kampuni mpya ilitaka kuwaondoa walowezi waliokuwa wakiishi humo bila hati, nao wakakataa. Mwaka 1875 mhubiri Franklin Tolby, aliyekuwa akiwatetea walowezi, aliuawa ndani ya korongo la Cimarron, lile lile ambalo moto wa 2018 ulilifuata. Kesi ya mipaka ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1887 ikaamuliwa kwamba hati ile inahusu zaidi ya ekari milioni 1.7. Mwaka huo huo wa 1887 Wajicarilla walitengewa eneo lao rasmi, mbali upande wa magharibi. Mimi huwa nasita kidogo ninaposoma vijarida vya kambi vinavyoruka kutoka "wenyeji wa kale" moja kwa moja hadi "mfadhili mkarimu". Katikati ya hayo mawili pana watu walioondolewa, na kijana anayepiga hema Indian Writings, mojawapo ya kambi ndogo za Philmont, chini ya michoro iliyochongwa kwenye mwamba, anastahili kusimuliwa habari zao zote.

Mfadhili mwenyewe alikuwa Waite Phillips, mfanyabiashara wa mafuta kutoka Oklahoma, mdogo wa Frank Phillips aliyeanzisha kampuni ya Phillips Petroleum. Waite alizaliwa mwaka 1883 pamoja na pacha wake, Wiate. Walipokuwa vijana hao wawili waliondoka nyumbani wakazurura magharibi ya Marekani, wakifanya kazi za vibarua hapa na pale, mpaka Wiate alipofariki mwaka 1902 akiwa na miaka 19. Miaka ishirini baadaye Waite, sasa tajiri, alianza kununua vipande vya ardhi ile ya Maxwell na kuifanya ranchi ya ng'ombe na farasi. Akajenga jumba la kifahari na vibanda vya kuwindia na kuvulia samaki milimani, akachonga njia za farasi kuviunganisha.

Mwaka 1938 aliwapa maskauti ekari 35,857 upande wa kaskazini, zikaitwa Philturn. Alipoona vijana wanavyopatumia, mwaka 1941 akaongeza ekari 91,538, zikiwamo zile zenye jumba lake, na hapo jina likawa Philmont. Ni uamuzi unaosimuliwa sana, lakini wengi hukisahau kipande kimoja: pamoja na ardhi, Phillips alitoa jengo la Philtower, mnara wa ofisi katika mji wa Tulsa, ili kodi yake igharamie kambi. Alijua kwamba pori la kupewa bure si la bure. Njia zinaziba, madaraja yanaoza, na mtu anayezitunza anataka mshahara. Jengo liliuzwa baadaye, lakini wazo la kutoa ardhi pamoja na posho yake ni somo kwa yeyote anayetaka kuachia vijana kiwanja cha kambi.

Mwaka 1963, kwa msaada wa Norton Clapp, kiongozi wa maskauti, zilinunuliwa ekari nyingine 10,098 zenye mlima Baldy na migodi yake. Hapo kambi ilifikia ekari kama 137,500. Leo imevuka 140,000.

Njia zilizorithiwa

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiitazama ramani ya njia za Philmont kwa haraka utadhani mtu alikaa akachora mistari mizuri juu ya milima. Sivyo. Kila kipande kina aliyekitangulia.

Upande wa kaskazini, katika makorongo ya Ponil, sehemu ya njia inafuata tuta la reli ya zamani. Reli hiyo, Cimarron and Northwestern, ilijengwa mwaka 1907 kwa ajili ya kubeba magogo. Ndiyo maana unatembea kilomita kadhaa bila kupanda mwinuko mkali, kwani garimoshi halikuweza kupanda ukuta. Magharibi, kuzunguka Baldy, njia ni zile za wachimbaji, nazo hazina huruma kwa magoti. Mchimbaji alitaka kufika kwenye shimo lake upesi, na punda wake hakuulizwa. Kusini, karibu na Rayado, unakutana na njia za farasi za Phillips zikielekea kibanda chake cha samaki, ambacho sasa ni Fish Camp. Hizo ni njia za mtu aliyetaka wageni wake wafurahie safari, na miguu huitambua tofauti.

Juu ya urithi huo vijana wameongeza yao. Kila kikundi kinachotaka beji ya Arrowhead mwishoni mwa safari hufanya kazi ya saa tatu ya kutunza mazingira, na mara nyingi kazi hiyo ni kuchimba njia, kupanga mawe au kuzuia mmomonyoko. Tangu mwaka 1995 kuna pia vikosi vya vijana wa Order of the Arrow, chama cha heshima ndani ya uskauti wa Marekani, ambao hutumia sehemu ya kwanza ya safari yao kujenga njia na sehemu iliyobaki kutembea. Saa tatu ni kidogo. Zidisha kwa maelfu ya vijana kila mwaka, utaona njia mpya inavyopatikana bila tingatinga.

Safari maarufu ni ya siku 12. Kikundi huwa na watu 7 hadi 12, watu wazima wachache wakiwa washauri tu. Mkuu wa kikundi ni kijana, yeye ndiye anayeshika ramani, na mshauri mwenye busara hujifunza kuuma ulimi. Siku za mwanzo renja, kijana mwenye umri wa chuo, hutembea nao akiwafundisha mambo ya pori lile, na kubwa kuliko yote ni dubu. Chakula, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, chochote chenye harufu, hutiwa mifukoni na kuvutwa kwa kamba hadi juu ya waya uliofungwa kati ya miti. Mahali pa moto, shimo la kumwagia maji ya vyombo na mahali pa kutundika mifuko huunda pembetatu ambayo hema halipaswi kuwa ndani yake. Nampenda aliyebuni kanuni hii. Haimwambii kijana "kuwa mwangalifu", inampa umbo la kukumbuka.

Kila siku tatu au nne kikundi hupita kituo cha chakula kuchukua mgao. Njiani kuna kambi za aina mbili: zile zenye wahudumu, ambako kijana anaingia mgodini Cypher's Mine au kupanda nguzo kama wakata magogo wa zamani kule Pueblano, na zile tupu, zisizo na chochote ila waya wa mifuko na pengine kijito. Vilele viwili ndivyo hutajwa zaidi. Baldy, wenye mita 3,792, ni mrefu kuliko yote, na sehemu yake ya juu ni kokoto zinazoteleza. Kanuni ni kufika kileleni na kushuka kabla ya radi za mchana. Tooth of Time, jino la mwamba lenye mita 2,744, linaonekana kutoka kambi kuu. Husimuliwa kwamba wasafiri wa njia ya biashara ya Santa Fe walipoliona walijua wamebakiza siku saba. Vikundi vingi hupenda kumaliza safari kwa kupita mgongo wa mlima huo na kuingia kambini kwa miguu badala ya kupanda basi. Kambi ya juu kule haina maji, hivyo usiku wa mwisho kila mtu hubeba yake kutoka kambi ya Clarks Fork, na mwenye uvivu hujulikana asubuhi.

Kutokana na haya yote, ratiba za safari huonekana kama nyuzi zilizosukwa. Kikundi kimoja kinaanzia kusini na kuishia kaskazini, kingine kinazunguka, kingine kinapita Ponil, kinapanda Baldy, kinavuka barabara kuu namba 64 na kurudi kwa Tooth of Time. Kila siku mamia wanaingia na mamia wanatoka, na hakuna anayetakiwa kukuta kambi imejaa. Ni wavu. Na wavu una tabia moja ambayo kila mvuvi anaijua: ukichanika pembeni unaweza kuvua nao, ukichanika katikati unatoka na maji.

Moto wa katikati

Barabara namba 64 hupita ndani ya korongo la Cimarron, kutoka mji wa Cimarron hadi Ute Park, na kuigawa ranchi. Kaskazini yake kuna Ponil na Baldy. Kusini kuna sehemu ya kati na ile ya Rayado. Moto wa 2002 uliunguza makorongo ya Ponil, pembe ya kaskazini mashariki. Ulikuwa mkubwa, lakini ulikaa pembeni mwa wavu. Wapangaji wa safari walikata nyuzi za kaskazini, wakazifunga upya kati na kusini, ambako njia, vituo vya chakula na barabara za magari ya dharura vilikuwa vizima.

Moto wa 2018 ulianzia karibu na Ute Park na kushuka na korongo lenyewe. Barabara ikafungwa. Kilichoungua ndicho kiungo kati ya pande mbili, mahali ambapo ratiba nyingi huvukia. Kituo cha chakula cha Ute Gulch nacho kiko katika sehemu hiyo ya kati. Weka kando huzuni ya miti na ufikirie kama mpangaji. Kikundi kilichoko kaskazini hakiwezi tena kushuka kusini kwa miguu. Kilichoko sehemu ya kati hakina pa kupitia kama moto mwingine ukizuka nyuma yake. Ekari 26,000 zimeungua, lakini siku za safari zilizopotea ni nyingi kupita kiasi hicho, kwa sababu karibu kila safari ndefu ilikuwa na angalau siku moja pale.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na kama ingekuwa peke yake naamini msimu ungeweza kuokolewa nusu. Kikundi kingefungiwa upande mmoja, kikatembea mzunguko mfupi. Ya pili ni ukame. Majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018 yalileta theluji haba mno kaskazini mwa New Mexico. Theluji ya milimani ndiyo tangi la maji la eneo lile. Isipokuwapo, kufikia Mei nyasi zinavunjika mkononi na vijito vinakuwa mawe matupu. Msitu wa taifa wa Santa Fe, ulioko pia kaskazini mwa New Mexico, ulifungwa kwa umma mwezi huo huo wa Juni kwa sababu ya ukame. Kwa hiyo swali la wasimamizi lilikuwa kubwa kuliko "wapi pameungua?" Walipaswa kuuliza pia wapi patawaka kesho, na vijana walio umbali wa kutembea siku mbili kutoka barabara watatolewaje usiku. Cheche moja ilikuwa imetosha kuanzisha moto wa ekari 36,740. Kuongeza maelfu ya watu wenye majiko ya gesi katika pori la hali ile kulihitaji ujasiri ambao sidhani ni wa kusifiwa.

Sababu ya tatu huzungumzwa kidogo. Moto mkali hubadili udongo. Nta ya majani na sindano za misonobari inapoungua, mvuke wake huingia ardhini na kuganda, na udongo wa juu unakuwa kama umepakwa mafuta. Mvua ya kwanza haizami, inateleza na majivu, magogo na mawe. Na mvua za kule huja Julai na Agosti, katikati ya msimu wa kambi, kwa dhoruba fupi za mchana. Makorongo ambayo mwezi Juni ni makavu na yanavutia kupiga hema, mwezi Julai ni mifereji.

Philmont ilikuwa na kidonda cha aina hiyo. Usiku wa tarehe 27 Juni 2015, mvua kubwa ilileta mafuriko ya ghafla katika korongo la North Ponil. Maji yalifika kambi ya Indian Writings na kuwachukua vijana kutoka kwenye mahema. Mmoja, mwenye umri wa miaka 13, alikufa. Korongo hilo lilikuwa ndani ya eneo la moto wa 2002. Miaka 13 ni mingi na nyasi zilikuwa zimerudi, kwa hiyo sitaubebesha moto ule lawama ya kifo hiki, maana mvua kubwa huua hata penye msitu mzima. Lakini timu iliyokaa mezani Juni 2018 ikitazama miteremko mipya myeusi ilikuwa imepita katika usiku ule miaka mitatu tu kabla. Nisingependa kuwa mzazi wa kuwaambia wanaogopa kivuli.

Palipo na lawama

Kuutetea uamuzi wa kufunga hakuna maana kwamba hakuna la kulaumu. Lawama yangu naipeleka nyuma zaidi, kwenye msitu wenyewe.

Misonobari aina ya ponderosa, inayofunika miinuko ya chini ya ranchi, ni mti uliozoea moto. Gome lake nene lenye harufu tamu kama vanila hustahimili moto mdogo. Kwa karne nyingi moto wa nyasi ulipita humo kila baada ya miaka michache, ukala miche na matawi makavu, ukaacha miti mikubwa imesimama mbalimbali. Mwishoni mwa karne ya 19 mifugo ilikula nyasi zilizokuwa zikiubeba moto huo. Wakata magogo wakachukua miti mikubwa. Halafu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sera ya Marekani ikawa kuzima kila moto mara tu uonekanapo. Matokeo yake ni msitu wa miti myembamba iliyobanana, ambamo moto hauishii chini, hupanda kwa matawi hadi juu na kuruka kutoka kilele hadi kilele. Ramani ya mti na ya reli ni ile ile: pale pale ambapo njia ni rahisi kwa sababu treni ya magogo ilipita, msitu uliochipuka nyuma yake ndio uliobanana.

Philmont haikuibuni sera hiyo, na kwa miaka mingi imekuwa ikipunguza miti katika baadhi ya maeneo yake. Ila moto wa 2002 ulikuwa onyo la waziwazi, na miaka 16 iliyofuata ilitosha kukata ukanda mpana kandokando ya barabara namba 64, kiungo cha wavu wote. Ni rahisi kwangu kusema haya nikiwa nimekaa kitini. Kupunguza miti ekari moja kwenye mteremko ni kazi ghali, na mwaka ambao moto haujazuka hakuna anayeshukuru. Pamoja na hayo, katika kupanga, kipande cha msitu ambacho njia zote hupitia kina thamani kuliko kipande chenye mandhari nzuri, na hicho ndicho cha kushughulikia kwanza.

Jambo la pili ni namna habari ilivyotolewa kwa awamu. Kufuta wiki mbili, kisha mwezi, kisha msimu, kuliwaacha viongozi wa vikundi wakiwa na tiketi mkononi wasijue wazirudishe au wangoje. Naelewa kwamba hakuna ajuaye moto utazimika lini, na aliyefuta mapema mno angeulizwa kwa nini hakungoja. Lakini kama hoja kubwa ilikuwa ukame, basi ukame ulikuwa umeshaonekana tangu theluji ilipokosekana. Kikundi kilichoambiwa mwezi Aprili, "mwaka huu tayarisheni safari ya akiba", kingekuwa kimeshapata njia nyingine kufikia Juni. Vikundi kadhaa vilifanya hivyo kwa akili yao wenyewe, wakaenda kutembea kwenye misitu ya taifa ya majimbo mengine na kambi nyingine za maskauti.

Kurudi

Mwaka 2019 njia zilifunguliwa. Kupita katika eneo lililoungua si sawa na kupita penye msitu. Kivuli hakuna, na jua la mwinuko wa mita 2,000 na zaidi halina mzaha. Miti mikavu iliyobaki imesimama ndiyo hatari kubwa kuliko moto wenyewe. Mizizi yake huoza chini kwa chini, na upepo wa mchana huiangusha bila kishindo cha kutangulia. Hivyo kabla ya njia kupitika, miti iliyokuwa ikiegemea njia na sehemu za kambi ilibidi iangushwe, na magogo yalazwe kukingama na mteremko ili kupunguza kasi ya maji. Ni kazi ya misumeno na ya mikono mingi, na mingi kati ya mikono hiyo ilikuwa ya vijana.

Kinachochipuka kwanza ni mialoni midogo iitwayo Gambel, ambayo mizizi yake haifi, na penye unyevu miti ya aspeni, inayotoa machipukizi kutoka kwenye mizizi ileile ya zamani. Ponderosa haifanyi hivyo. Inahitaji mbegu kutoka kwa mti mzazi aliye karibu, na pale ambapo moto uliua kila kitu kwa kilomita nzima, mzazi hayupo. Kijana atakayepita hapo mwaka 2040 huenda akatembea katikati ya vichaka vya mialoni akiambiwa kwamba zamani palikuwa na msitu.

Mwaka huo huo wa 2019 ilikuja habari nyingine, ya ofisini: chama cha maskauti kilikuwa kimeiweka Philmont rehani kama dhamana ya madeni yake, na mwezi Februari 2020 chama kikaomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya kufilisika kutokana na kesi za unyanyasaji wa watoto. Mpango ulioidhinishwa na mahakama mwaka 2022 uliiacha ranchi mikononi mwa maskauti.

Kabla ya hapo, kiangazi cha 2020, safari za porini zilifutwa tena kwa sababu ya korona. Miteremko ilikuwa imeanza kushika, vituo vya chakula vilikuwa tayari, na njia ya kuvuka barabara namba 64 ilikuwa wazi kutoka kaskazini hadi kusini, bila mtu.